Upepo wa Nyumba Nne

Agosti 4, 1996. Jumapili

Leo tumerudi kutoka Liuli bila kufika Liuli.

Naandika kwa sababu Margareta ameniambia niandike. Anasema nikimsimulia jambo ana kwa ana naongea mpaka chai inapoa na mwisho wa habari bado sijafika. Haya, naandika, halafu nitampa asome. Kwa hiyo, Margareta, ukifika hapa ujue kwamba nakupenda, na kwamba jana nilitaka kulia mbele ya wazee wangu.

Nianze mwanzo. Shirika nililokuwa naliendeshea gari Songea liliuzwa, sisi madereva tukaambiwa kwaherini, nikarudi kwetu Mbinga kwenye kahawa. Wanunuzi binafsi walipoanza kugombania kahawa yetu, ukoo ukapata nguvu ya kununua Land Rover kuukuu ya petroli. Nasema ukoo, lakini walionunua ni nyumba nne: ya baba mkubwa Placidi, ya baba mdogo Kilian, ya shangazi Gaudiosa, na ya marehemu baba yangu, ambayo sasa ni mimi Nazari. Ili pasiwe na ugomvi, baba mkubwa akagawa magurudumu. La mbele kulia ni lake. La mbele kushoto la Kilian. La nyuma kulia la shangazi, na la nyuma kushoto langu. Kila nyumba inanunua tairi lake, inaziba pancha yake, inajaza upepo wake. Stepni ni ya ukoo mzima. Mjini wanatucheka sana, lakini mpaka jana mpango ulikuwa unakwenda.

Jana tulikuwa tunakwenda kukuposa. Kwa desturi mwoaji hakai wazee wanapozungumza, lakini dereva ni mimi, hakuna mwingine, basi wakakubaliana kwamba nitakuwepo kama dereva tu. Tukateremka mlima, tukapita Mbamba Bay, tukashika njia ya ufukweni, na hapo tukakutana na mchanga. Mchanga wa Nyasa unataka tairi laini. Ukienda na tairi gumu linachimba tu mpaka gari linalalia tumbo. Nikasema, "Wazee, tupunguze upepo." Baba mkubwa akaniuliza, "Na upepo wa kupandia mlima tutautoa wapi?"

Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichoniudhi. Mlima wetu ni mawe matupu; ukipanda na tairi laini, tyubu zinakatika zote kabla hujafika juu. Na huko ufukweni hakuna gereji. Tukakwama, tukachimba, tukageuza. Kwenu walikuwa wameshachinja.

Agosti 5

Siongei na mtu.

Agosti 9

Kondakta wa basi la Mbamba Bay ameleta salamu za Mzee Oswadi, baba yake Margareta. Nazinukuu kama alivyozisema, maana kondakta alizikariri njia nzima: "Mwambieni Bwana Placidi sina kinyongo naye. Lakini mvua zikianza kabla hamjafika kwangu, jambo hili tulisahau. Kuna mwalimu naye ameshatuma watu. Huyo anakuja na baiskeli, na anafika."

Anafika! Jamani.

Mvua huanza Novemba. Nimetoka nje nikatazama mbingu. Hakuna hata wingu. Nikapumua.

Agosti 11. Jumapili

Margareta, wewe ni Mnyasa, nikueleze. Sisi Wamatengo mambo ya ukoo tunayaamua kwenye sengu. Wanaume wanakula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, sahani moja, na wakishanawa ndipo wanazungumza. Shangazi Gaudiosa kwa desturi anabaki jikoni, lakini jiko la baba mkubwa limepakana na sebule na ukuta ni mwembamba, kwa hiyo shangazi anachangia kuliko wote.

Hoja ilikuwa moja: gari lipate upepo wake lenyewe, wa kusafiri nao.

Baba mkubwa alisema pampu ya mguu inatosha. "Haili petroli, haili betri. Inakula jasho, na jasho tunalo."

"Jasho la nani?" shangazi akauliza toka jikoni. "Wewe magoti yanakuuma ukipanda kitandani!"

Baba mdogo Kilian, aliyekuwa karani wa ghala la kahawa mpaka ghala lilipofungwa, anapenda kitu chochote kinachotoka ndani ya boksi. Amesikia Bwana Makame wa duka la spea analeta kompresa ndogo ya umeme kutoka Dubai, unachomeka kwenye betri, unakaa kivulini unasubiri. Shangazi yeye anataka mtungi. Ujazwe gereji hapa Mbinga, ufungwe nyuma ya gari, ukifika unafungua koki, basi. Mimi nikasema tufunge kompresa ya kudumu, iendeshwe na mkanda wa injini, upepo hauishi maadamu injini inaunguruma.

Tulibishana mpaka kuku wakaingia kulala. Mwishowe baba mkubwa akaamua. "Kila nyumba ina gurudumu lake. Basi kila nyumba ijitafutie upepo wake."

Wote wakasema ndiyo, tena kwa furaha. Hata mimi nilisema ndiyo, Mungu anisamehe.

Agosti 13

Kuchuma kahawa.

Agosti 14

Kuchuma kahawa. Nimeng'atwa na siafu mahali ambapo siwezi kupaandika.

Agosti 24

Nimekwenda na baba mdogo dukani kwa Bwana Makame. Huyu ni mtu wa Pemba, amekaa Mbinga miaka mingi hata anaijua kahawa yetu kuliko sisi, ila baridi yetu hajaizoea. Anauza spea akiwa amejifunga kitenge cha mkewe mabegani. Mkewe, Bi Hafidha, ndiye anayejua kila kitu kilipo.

"Hiyo kompresa ni nzuri," Bwana Makame akasema, "lakini nakwambia kweli, Bwana Kilian, imetengenezwa kwa gari dogo la kwenda ofisini. Tairi la Land Rover litaichosha."

"Unauza au unazuia watu wasinunue?" baba mdogo akauliza.

"Nauza. Lakini nataka nikikutana nawe barabarani uniamkie vizuri."

Baba mdogo akainunua. Njia nzima ameipakata. Mimi kompresa ya mkanda sikuipata, nikaazima pampu ya plagi kwa Fundi Pankras wa gereji. Unafungua plagi moja ya injini, unafunga pampu mahali pake, injini inaunguruma kwa silinda zilizobaki na hiyo moja inasukuma upepo. Inapiga kelele mbaya, lakini inafanya kazi.

Septemba 1. Jumapili

Baada ya misa tumefanya majaribio uani kwa baba mkubwa. Kijiji kizima kilikuja, hata katekista.

Baba mkubwa alikanyaga pampu yake amevua koti la kanisani, anakanyaga, anapumzika, anakanyaga. Baba mdogo alichomeka kompresa, akakaa kwenye kigoda akakunja nne, nayo ikalia ng'ing'ing'i mpaka tukasahau kama inalia. Shangazi alifungua koki ya mtungi mara moja tu, pshaaa, akafunga, akatutazama kama malkia. Mimi niliunguruma na plagi yangu hadi katekista akaziba masikio.

Kisha nikaliendesha gari. Loo! Linakwenda upande. Baba mkubwa anaamini tairi zuri ni gumu, kalijaza mpaka linalia ukiligonga. La baba mdogo lilibaki teketeke kwa sababu kompresa ilipata moto akaionea huruma. Tulizunguka uwanja wa kanisa kama ng'ombe mwenye kwato mbovu, na kila mzee anasema la kwake ndilo liko sawa.

Nilicheka mpaka nikashindwa kushika usukani. Sasa hivi, nikiwa peke yangu, sicheki sana.

Septemba 8

Tumeuza kahawa ya kwanza. Baba mkubwa amenipa nyanya za bustani yake bila kusema kitu. Sijui maana yake.

Septemba 15. Jumapili

Hatukufika tena. Niandike polepole maana viganja vimechubuka kwa kuchimba.

Jana tulifika kwenye mchanga jua likiwa bado la asubuhi. Nikasimamisha gari, nikasema kwa adabu zote, "Wazee, sasa tupunguze, kila mtu sawasawa." Shangazi akatoa upepo wa kwake karibu wote, maana ana mtungi na anajiamini. Baba mkubwa akatoa kidogo, akafunga. Nikamwomba aongeze. "Nazari," akasema, "upepo huu nimeukanyaga kwa miguu yangu hii. Siwezi kuumwaga mchangani kama maji machafu." Baba mdogo yeye hakutoa kabisa. Alisema kompresa yake ni mpya, haifai kusumbuliwa mara mbili kwa siku.

Nikajaribu kwenda hivyo hivyo. Gurudumu la shangazi lilielea, la kwangu likafuata, na yale mawili ya mbele yakachimba kama yanatafuta maji. Gari likazama mpaka kwenye milango.

Sasa hapa unielewe. Wakakubali kutoa. Wakatoa, tukachimba, tukatoka hatua chache tukafika penye mawe mawe, ikabidi tujaze. Kompresa ya baba mdogo ikatoa moshi na kunyamaza. Mtungi wa shangazi ukawa mtupu, koki ilikuwa inavuja njia nzima bila yeye kujua. Pampu ya baba mkubwa nzima, ya kwangu nzima. Nikasema nitajaza yote kwa ya kwangu. Unajua baba mdogo alisema nini? "Hapana. Upepo wa nyumba nyingine siuingizi kwenye gurudumu langu. Baadaye mtakuja kuniambia gari ni lenu."

Na shangazi, ambaye ndiye mwenye akili kwetu, akatikisa kichwa kumuunga mkono!

Wavuvi waliokuwa wanavuta wavu wakatuhurumia. Waliacha wavu wao, wakafunga kamba ile ile kwenye gari, wakatuvuta kwa wimbo kutuweka nje ya mchanga, wanawake wanaoanika dagaa wa usipa wakiitikia. Ilikuwa nzuri kweli, na nilikuwa na aibu kuliko siku zote.

Ndipo Margareta akatokea, kwa baiskeli, amevaa sare ya unesi, sufuria la samaki wa mbasa limefungwa kwenye keria kwa kanga. Watu wa ufukweni walikuwa wamepeleka habari. Akasimamisha baiskeli. Akapiga goti akawaamkia wazee, shikamoo baba, shikamoo mama, mmoja mmoja, akawapa chakula, na walipokuwa wanakula akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Wazee wangu, naomba niulize. Mmekuja kunioa mimi, au mmekuja kuoa magurudumu?"

Baba mdogo alikuwa na mwiba wa samaki mdomoni na hakuutoa.

Kisha akanigeukia. "Nawe dereva, umenyamaza. Siku zote unaongea, leo umenyamaza." Akapanda baiskeli akaenda zake kazini.

Septemba 16

Kweli nilinyamaza.

Septemba 29

Tangu turudi, kila mmoja akikanyaga tairi lake kwa pampu ya mguu, wazee hawapikiani, hawaulizani hali. Gari limeegeshwa, kuku wanalala juu ya boneti.

Oktoba 4

Joto. Mawingu membamba upande wa ziwa, yakapotea. Moyo umenipasuka bure.

Oktoba 7

Fundi Pankras ameniita gereji. Ana kompresa ya kiyoyozi iliyotoka kwenye gari lililogongwa, kubwa, nzito, nzima. Anasema itakaa pembeni ya injini, mkanda utaizungusha, na upepo utaingia kwenye tangi la breki za lori alilolitupa nyuma ya gereji. Kutoka kwenye tangi, mpira mmoja wa kupitishia upepo.

"Na huo mpira," akasema, "tuugawe ncha nne. Unafunga magurudumu yote kwa pamoja. Ukijaza yanajaa pamoja, ukitoa yanashuka pamoja. Hata ukitaka kupendelea moja, huwezi."

Nilimkumbatia, na grisi yake yote.

Oktoba 8

Nimekwenda kwa baba mkubwa. Amesikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo kompresa itafungwa kwenye gurudumu la nani?"

"Kwenye injini, baba mkubwa."

"Injini ni ya nani?"

"Ya wote."

"Basi ikiharibika ni ya nani?"

Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake mkubwa. Sitayaandika. Nikatoka bila kuaga.

Oktoba 13. Jumapili

Baba mkubwa kaita sengu. Nilikwenda nikijua nakwenda kusemwa.

Tulikaa. Tulinawa. Tukasubiri chakula, kila mmoja anatazama vidole vyake. Shangazi akaingia na sinia, na juu ya sinia hakuna sahani ya sengu. Kuna visahani vinne. Kila kisahani na kitonge chake cha ugali, maharage yake mekundu kijiko kimoja, na jani la mboga. Akaviweka kimoja kimoja, mbele ya baba mkubwa, mbele ya baba mdogo, mbele yangu. Cha nne akakaa nacho yeye mwenyewe, chini pale pale, katikati ya wanaume.

Hujui, Margareta, jambo hilo lilivyo zito. Kwetu wanaotengewa visahani ni watu waliogombana mpaka wamegawana ukoo. Baba mdogo alirudi nyuma kama ameona nyoka.

"Gaudiosa," baba mkubwa akasema, "ni nini hiki?"

"Ni chakula. Kila nyumba na cha kwake." Akaanza kula. "Mbona hamli? Mmegawa magurudumu nikanyamaza, nikafurahi hata, nikaona nami nimepata langu. Mmegawa upepo, kitu ambacho Mungu mwenyewe hajakigawa, nikanyamaza, tena nikawaunga mkono mbele ya mtoto wa watu, na aibu ile bado ipo kifuani kwangu. Sasa nimegawa ugali. Kuleni, tujue kwamba tumeachana."

Baba mkubwa alikitazama kile kisahani muda mrefu. Mkono wake ulikuwa na maji bado, unadondosha. Kisha akamwaga ugali wake kwenye sinia, katikati. Akamwaga na maharage. Akamtazama baba mdogo, baba mdogo naye akamwaga. Nikamwaga wa kwangu. Shangazi alikuwa wa mwisho, na alishabakiza nusu tu, lakini akaumwaga.

"Nazari," baba mkubwa akasema, "mwambie fundi afunge hiyo kompresa. Ikiharibika ni yangu."

"Ni yetu," akasema baba mdogo, mdomo umejaa.

Nikapiga magoti nikaomba radhi kwa maneno ya juzi. Akaniambia, "Kula, dereva, ugali unapoa."

Mimi siku zote nilimwona mzee yule mchoyo na mkaidi. Mkaidi ni kweli.

Oktoba 19

Kazi gereji. Baba mdogo anashinda pale, anashika tochi, anauliza kila spana inaitwaje. Amekubali kwamba kompresa ya Dubai ilikufa. Ameizika kabisa, chini ya mgomba, na boksi lake.

Oktoba 26

Jaribio la kwanza. Mkanda ukachomoka ukapiga boneti, shangazi akakimbilia ndani ya kanisa.

Novemba 2

Jaribio la pili. Upepo ulitoka, na oili ikatoka pamoja nao, koti jeupe la katekista limekuwa na madoadoa. Anajitakia, hakosi jaribio hata moja. Fundi anasema ni mpira mbovu wa kuzibia oili ndani ya kompresa, tutapata mwingine kwa Bwana Makame.

Novemba 6

Mawingu. Watu wanaanza kupanda mahindi kavu kavu kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Kila mtu ananiambia, "Mvua mwaka huu itawahi," kwa furaha, na mimi naitikia, "Tumshukuru Mungu," huku natamani kuwaziba mdomo.

Bi Hafidha kautafuta mpira duka zima. Haupo. Umeagizwa Songea.

Novemba 11

Mpira haujafika. Radi upande wa ziwa.

Novemba 13

Manyunyu asubuhi, vumbi halikulowa. Nimemuuliza katekista kama manyunyu ni mvua. Kasema itategemea unamuuliza nani. Nikamwambia namuuliza yeye. Kasema si mvua. Nampenda huyu katekista.

Jioni mpira umefika.

Novemba 14

INAFANYA KAZI! Magurudumu manne, ncha nne, mpira mmoja, yamejaa pamoja na gari limesimama sawa. Baba mkubwa alilizunguka, akaligonga kila tairi kwa kifundo cha kidole, la kwake, la Kilian, la shangazi, la kwangu, akasema, "Yanalia sauti moja." Tunaondoka keshokutwa alfajiri.

Novemba 16. Jumamosi, Liuli

Naandika nikiwa Liuli. Liuli, Liuli! Niandike tena: Liuli.

Tulipofika kwenye mchanga mawingu yalikuwa yameshuka meusi juu ya ziwa. Nilisimama, na kabla sijafungua mdomo baba mkubwa alikuwa ameshashuka, ameinama na magoti yake yale mabovu, anafungua valvu. "Toeni," akatuambia. "Toeni wa kutosha, utarudi." Tukafunga ncha, tukashusha, yakashuka pamoja. Gari likapita juu ya mchanga taratibu. Wale wavuvi walipotuona walisimama tayari na kamba, wakasubiri tukwame, tukawapita, wakatupigia kelele za kutudhihaki na kutusifu kwa wakati mmoja. Shangazi aliwapungia mikono yote miwili.

Kwa Mzee Oswadi tulikuta watu wengi. Ni mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama. Wakaamkiana, wakapeana habari za safari, na baba mkubwa akaanza maneno yake aliyoyapanga tangu Agosti, kwamba tumeona ua zuri kwenye nyumba hii. Mzee Oswadi akainua mkono.

"Bwana Placidi, kabla ya ua. Hilo gari limeingia. Nataka kuona kama linatoka. Toeni upepo."

"Kiasi gani?"

"Wote."

Tukatazamana. Mkanda ukikatika hapa, hatutoki mpaka mvua zipite. Kulikuwa na ngurumo, karibu kabisa. Mimi ni dereva tu, sina ruhusa ya kusema. Baba mkubwa akasema, "Dereva, toa."

Nikatoa. Land Rover ikashuka mpaka ikakaa chini kama mama mzee anayekaa kwenye mkeka. Watoto wakacheka. Nikawasha injini, nikafunga ncha nne, nikafungua tangi. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha ikaanza kuinuka, pande zote, sawa kabisa, ikainuka mpaka ikasimama wima. Ua mzima ulipiga vigelegele. Baba mdogo alikuwa analia wazi wazi na kusema ni vumbi.

Mzee Oswadi akavua kofia. "Sasa niwaeleze," akasema. "Dada yake Margareta, Bonifasia, nilimwozesha Tunduru, kwa watu wazuri. Mama yao alipofariki Bonifasia alikuja akakuta kaburi limeota majani. Hakuwa na njia. Magari yenu mimi hayanihusu. Nilitaka kuona kama mwanangu akiondoka hapa anayo njia ya kurudi."

Baba mkubwa alitikisa kichwa tu, polepole.

Margareta akaitwa. Alikuja amevaa kitenge cha bluu, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Walicholeta tupokee?"

"Pokeeni." Shangazi alishajaza kifua apige kigelegele, lakini Margareta hakuwa amemaliza. Akainua macho. "Ila nina neno. Nataka nifundishwe kuendesha hilo gari. Nikitaka kumwona baba yangu, sitaki kusubiri mpaka sengu inawe mikono."

Mungu wangu! Baba mdogo akatazama juu. Wazee wa Liuli wakakohoa. Baba mkubwa akanitafuta kwa macho pale niliposimama karibu na jiko.

"Dereva. Unasemaje?"

"Mimi ni dereva tu, baba mkubwa," nikasema, na safari hii sikunyamaza. "Lakini gari lipo, mchanga upo, na huyu ndiye ninayemtaka. Nitamfundisha."

"Basi aanze kesho," akasema baba mkubwa. "Baada ya kanisa. Na ndoa ifungwe kanisa lipi, lenu au letu, tutazungumza na mapadri wote wawili."

Kigelegele cha shangazi kilisikika mpaka upande wa Malawi.

Novemba 17. Jumapili, Liuli

Mvua imenyesha usiku kucha na sasa imekatika. Mchanga umelowa, umeshikana, ufukwe ni mpana na mtupu. Wazee wameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wanakula mihogo ya kuchoma, wanatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Margareta alizima gari mara nyingi. Aliruka nalo, alinigongesha kichwa, aliingiza gia ya nyuma akitaka kwenda mbele, akalifukuza kundi la bata. Nilimfokea, akanifokea. Nikamwonyesha tena klachi, taratibu, mguu huu unapanda, ule unashuka. Safari hii likaondoka laini. Akalipeleka mbele, akaligeuza, akasimama.

Mwisho kabisa wa ufukwe Mzee Oswadi alikuwa amesimama peke yake na kofia yake mkononi, anatutazama.

"Nazari," akasema, "shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Popote. Nataka kwenda kwa baba peke yangu."

Nikashuka, nikafunga mlango. Na nilifurahi, Margareta, nilifurahi kuliko siku zote nilizoziandika humu, pale niliposimama na miguu mitupu kwenye mchanga uliolowa nikakutazama unaondoka na gari letu kwenda kwa baba yako.